Chakula cha Nyumbani Kinalipwa kwa Saa za Nani?



Katika vikao vya wazazi hapa kwetu Kampala kuna swali moja lisilokosa kurudi, na mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini kama jambo la aibu. Ni hili: mzazi mwenye watoto wadogo, anayetoka asubuhi kwenda kutafuta na kurudi jioni amechoka, akiwanunulia watoto kikomando badala ya kuwapikia, je, amekosa katika wajibu wake? Mama mmoja aliliweka hivi: tulikimbia na watoto mgongoni ili tuwaokoe, sasa tumefika, na hata sombe hatuwezi kuwapikia. Wengine walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Tumeona tuliandike hapa kwa sababu majibu tunayopeana ni ya haraka mno. Mmoja anasema, ukiwapenda watoto utapata muda. Mwingine anasema, chakula ni chakula, mtoto akishiba basi. Sisi tunafikiri wote wawili wameliruka jambo lenyewe.

Tuanze na hesabu ya saa. Kila mtu anazungumza juu ya bei ya makaa, na ni haki yake, lakini saa hakuna anayezihesabu. Maharage makavu yasipolowekwa usiku yanakaa juu ya sigiri saa mbili mpaka tatu. Sombe ni kazi juu ya kazi: kuchambua majani, kuyatwanga katika kinu, kuyachemsha muda mrefu, ndipo uanze kufikiria mawese na vitunguu. Hata posho, inayoonekana rahisi, inataka maji, na maji yanataka mtu wa kwenda bombani na jerikani na kungoja foleni. Msimu wa mvua makaa yanakuja na unyevu, unapuliza mpaka macho yanatoka machozi. Sasa mchukue mama anayetembeza vitenge na hereni kutoka Katwe mpaka Kabalagala kwa miguu. Ametoka saa moja asubuhi, amerudi saa moja na nusu usiku. Akianza kutwanga sombe wakati huo, mtoto wa miaka mitatu atakuwa amelala kabla chungu hakijachemka. Amwamshe ale akilia, au amwache alale na njaa?

Kumwambia mama huyu kwamba ukipenda utapata muda ni kumdhulumu. Upendo hauongezi saa kwenye siku.

Ndugu zetu walioko Nakivale na Kyaka II wana shida yao. Mgao wao ulishushwa hadi asilimia 70 Aprili 2020, kisha asilimia 60 Februari 2021, na mwaka 2025 wengi waliondolewa kabisa kwenye orodha. Sisi wa mjini tulihesabiwa toka mwanzo kuwa watu wa kujitegemea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilitupa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, jambo ambalo wakimbizi wa nchi nyingi hawana, na tunashukuru. Lakini kujitegemea maana yake ni kuwa barabarani mchana kutwa, na anayekuwa barabarani mchana kutwa hayuko jikoni.

Hata hivyo wanaosisitiza kupika nyumbani hawasemi upuuzi. Mtoto wetu hapa Kampala anaongea Kiganda na wenzake njiani, Kiingereza shuleni, Kiswahili kanisani. Kimashi, Kibembe, Kinyamulenge au Kihema anakisikia wapi? Mara nyingi ni kando ya chungu, mama anapokoroga na kumwambia lete kile, shika hiki, usikaribie moto. Mtoto anajifunza jina la mwiko, jina la mvuke, jina la bibi yake aliyejua kupika lengalenga bila mafuta. Chakula kinapokuja kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, maneno hayo hayaji nacho. Hili ni hasara ya kweli na hatutaki kulipunguza.

Lakini tusikuze mambo kupita kiasi, kana kwamba chakula cha kwetu kilishuka kutoka mbinguni juu ya milima ya Kivu. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioanza kuuleta pwani ya magharibi ya Afrika. Mahindi na maharage nayo yalivuka bahari kutoka huko huko Amerika. Na wale sambaza tunaowalilia, wa Ziwa Kivu, hawakuwamo katika ziwa hilo zamani. Walichukuliwa Tanganyika na kumwagwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950. Sambaza nao ni wageni waliozoea. Na hapa Uganda wenyeji wanaita ugali posho, neno ambalo kwa Kiswahili ni mgao wa chakula wanaopewa askari, wapagazi na vibarua. Chakula cha mgao kimegeuka chakula cha nyumbani, mpaka leo mtoto wa Kampala akiwa mbali anakililia. Kwa hiyo hatuamini kwamba nyumba iko ndani ya jani la muhogo. Iko kwa watu wanaolizunguka sahani, na ndiyo maana swali la muda ni zito kuliko swali la aina ya chakula.

Wengine watasema: basi pikeni haraka, mbona mnalalamika? Hapo tunataka kuleta jambo moja kutoka nchini kwetu Kongo. Katika Bandundu kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Mtu anaamka asubuhi miguu imekakamaa, na hapati tena kutembea sawasawa maisha yake yote. Neno lenyewe ni la Kiyaka, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 akiwa Kwango. Unawapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Watafiti walipochunguza baadaye waliona kwamba muhogo mchungu una sumu inayotoka kwa kuulowesha majini siku tatu. Barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipofika, magari ya kununua muhogo yakaja, watu wakataka kuuza upesi, na siku tatu zikafupishwa kuwa moja. Chakula chao chenyewe nacho wakakifupisha hivyo hivyo. Sumu ikabaki. Watu ambao hawakuwa na protini ya kutosha mwilini ndio walioumia.

Hakuna aliyekuwa mvivu katika vijiji vile, wala hakuna mama aliyechukia wanawe. Walikuwa maskini waliopata mnunuzi. Lakini tunajifunza kwamba muda ni kiungo cha chakula kama chumvi, na katika vyakula vingine huwezi kuupunguza. Bibi zetu hawakutwanga sombe na kuichemsha muda wote ule kwa sababu walikosa kazi nyingine. Jani la muhogo lina sumu ile ile, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Maharage nayo yasiyoiva vizuri yanaharisha na kutapisha. Kwa hiyo anayesema pika, lakini pika haraka, hajatusaidia.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuchoma. Kama chakula cha nyumbani kinataka saa tatu, na mama hana saa tatu, na baba hayupo au yupo lakini hapiki, na bado jioni tunakuta chungu kimeiva, basi saa hizo zimetoka kwa mtu. Zimetoka kwa nani? Ndugu wapendwa, tunajua wote. Zimetoka kwa binti mkubwa wa miaka tisa au kumi. Yeye ndiye aliyebaki na mdogo mgongoni, akachota maji, akawasha sigiri, akaloweka, akachemsha, akakoroga posho kwa mikono miwili. Tunapomsifu mama fulani kwamba watoto wake hawali vya barabarani, mara nyingine tunamsifu kwa jasho la mtoto ambaye juma lile alikwenda shule siku mbili.

Tunajua jibu litakalotolewa, maana sisi wenyewe tumelelewa hivyo: kazi ni malezi, binti asiyejua kupika ataaibisha mama yake. Na si desturi tu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1994, una jambo ambalo mikataba ya namna hii haina kwa kawaida: ibara ya 31 inasema mtoto naye ana wajibu, wa kuheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Tunaipenda ibara hiyo. Inajua namna Waafrika wanavyoishi. Lakini mkataba huo huo katika ibara ya 15 unamlinda mtoto na kazi ya hatari au inayomzuia kukua vizuri mwilini na akilini. Hatuwezi kushika ibara moja na kuifunika nyingine.

Basi mpaka uko wapi? Sisi tunauona hivi. Mtoto anayechambua majani ya sombe pembeni ya mama yake anasaidia, na anajifunza, na kesho atashukuru. Mtoto anayebeba jiko lote peke yake hasaidii tena, amechukua nafasi. Kusaidia kuna mtu mzima karibu, na kuna saa ya kumaliza na kufungua daftari. Kuchukua nafasi hakuna mwisho. Na tuangalie pia kama kaka yake wa miaka kumi na miwili naye amepewa mwiko, au yeye yuko uwanjani anacheza mpira. Kama ni malezi, mbona wa kiume hayahitaji?

Tuseme pia bila kuficha juu ya moto. Sufuria ya maharage yanayochemka juu ya sigiri iliyowekwa sakafuni, ndani ya chumba kimoja chenye mtoto anayetambaa, si mahali pa kumwachia binti wa miaka tisa. Na mvua ikinyesha, sigiri ikiingizwa ndani na mlango ukifungwa, hewa ya makaa inaua watu wakiwa usingizini, haina harufu ya kuwaonya. Tafadhali wazazi, hili msilifanye hata usiku wa baridi namna gani.

Akina baba mtatusamehe, lakini zamu yenu imefika. Kwetu husemwa mwanaume hapiki. Haya, yule kijana pale kona anayekanda unga, anayegeuza chapati na kupima maharage ya kikomando kwa kijiko kikubwa, si mwanaume? Anapika toka alfajiri mpaka usiku, na hakuna aliyewahi kumwambia amepungukiwa. Askari kambini wanapika. Wapishi wa mahoteli makubwa ya mjini wengi ni wanaume. Kumbe mwanaume anapika vizuri kabisa ilimradi alipwe. Kinachomshinda ni kuwapikia wanawe bure. Katika Injili ya Yohana, mlango wa mwisho, wanafunzi wanarudi ufukweni asubuhi wamechoka na kazi ya usiku kucha, na wanamkuta Bwana aliyefufuka amewasha makaa, samaki yuko juu ya moto na mkate upo. Hatujasikia mahubiri mengi juu ya aliyewasha moto ule. Na katika Matendo ya Mitume, mlango wa sita, watu wa kundi moja walipolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika chakula cha kila siku, kazi ile haikurudishwa kwa wajane wenyewe. Walichaguliwa wanaume saba wenye sifa njema, na Stefano alikuwa mmoja wao.

Turudi sasa kwenye kikomando, maana ndicho kilichotuanzisha. Sisi hatuoni dhambi ndani yake. Ni chapati iliyokatwa na kuchanganywa na maharage, na maharage yale yalikaa motoni saa zile zile tatu. Tofauti ni kwamba ni saa za mtu mwingine, naye amelipwa. Kununua saa za mtu mzima kwa bei mliyokubaliana ni haki zaidi kuliko kuchukua bure saa za mtoto. Siku ambayo binti ana mtihani, mama akinunua kikomando ili yule mtoto akae na kitabu chake, tunasema amepika vizuri siku hiyo. Kasoro zake zipo: kwa nyumba yenye watoto watano bei inapanda upesi, mafuta ya kukaangia wakati mwingine yamerudiwa mara nyingi, na mboga ya majani hamna. Lakini lengalenga, ambayo hapa inaitwa dodo, inaiva kwa dakika chache tu, na mukene waliosagwa wanaweza kutiwa kwenye uji wa mdogo bila kupoteza jioni. Nusu ya kununua na nusu ya kupika si nusu ya upendo.

Chakula cha shule kingetupunguzia mzigo. Hapa Uganda Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeacha kulisha mwanafunzi kuwa jukumu la mzazi, na asiyelipia chakula cha mchana mwanawe anakaa na njaa akiwatazama wenzake. Finland ilipitisha sheria wakati wa vita, mwaka 1943, na kufikia 1948 kila mtoto wa shule ya msingi alikuwa anakula bure shuleni, wakati nchi ile ilikuwa bado maskini yenye watu wengi waliohamishwa na vita. Tunalisema ili wazazi wanaokaa kwenye kamati za shule wajue kwamba jambo hili limewezekana kwa watu walioumia kama sisi.

Linalowezekana kesho asubuhi ni dogo zaidi: chungu cha pamoja. Katika vitongoji maskini vya Lima, mji mkuu wa Peru, mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake walianza kuchanga chakula na kuni na kupika kwa zamu katika chungu kimoja kwa familia nyingi. Wengi walikuwa wamehamia mjini kutoka milimani, na miaka ya 1980 wakaongezeka waliokimbia vita. Huko Villa El Salvador kiongozi wa akina mama, María Elena Moyano, aliuawa na waasi wa Sendero Luminoso Februari 1992, kwa kuwa alikataa kuwatii. Majiko ya pamoja hayakufa naye. Mama mwenye zamu moja kwa juma anapika siku moja kwa moyo wote, na siku nyingine anakwenda kutafuta akijua wanawe watakula cha moto.

Tukilileta wazo hili vikaoni, watu wanatikisa kichwa kukubali, kisha wanakwenda nyumbani na hakuna linalofanyika. Sababu ya kwanza inayotajwa ni mchango: nani ameleta makaa machache, mtoto wa nani alipewa nyama ndogo. Hayo yanatatuliwa kwa daftari. Sababu ya pili haitajwi. Tumetoka mahali ambapo mtu anaogopa kula kwa jirani. Hofu ya kutiliwa sumu tulikuja nayo kutoka Kivu pamoja na mabegi yetu, na ndani ya ua mmoja wanakaa watu ambao ndugu zao, kule Ituri au kule milimani juu ya Uvira, wamezika watu kwa sababu wao kwa wao. Kumwomba mama kama huyo ampe jirani kazi ya kulisha mwanawe wa miaka miwili si kumwomba ratiba. Ni kumwomba kitu ambacho hata mazungumzo ya amani ya wakubwa hayajawahi kumdai.

Tunaufahamu ua mmoja upande wa Masajja ambako mama wanne wamejaribu, wawili kati yao wa makabila yasiyosalimiana kule nyumbani. Walipoanza waliweka sharti moja tu, na hakuna aliyeeleza sababu yake wala aliyeuliza: mpishi wa siku anakula wa kwanza, mbele ya watoto wote, kutoka chungu kile kile, na mwanawe anakula wa pili. Wamefanya hivyo miezi kadhaa. Siku hizi, wanasema, mara nyingine mpishi anasahau kula kwanza na watoto wanaanza bila kumngoja. Binti wawili wa ua huo wamerudi P.5. Siku ya Alhamisi zamu ni ya baba mmoja fundi cherehani, ambaye posho yake bado ina mabonge, na watoto hawaachi kumwambia.